Kipupwe cha Mlima Kenya na Barafu ya Waholanzi

Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Kianjokoma, Embu, hakuna Mlima Kenya. Februari ulikuwepo, mweupe kileleni na mweusi mabegani, ukaonekana kila siku hadi watu wakaacha kuutazama. Sasa mahali pake pana ukungu wa rangi ya maji ya kuoshea mchele. Umeshuka hadi kwenye mabati ya nyumba, na mwendesha boda boda anayetoka upande wa msituni husikika kabla hajaonekana. Anapojitokeza, amevaa jaketi kinyumenyume: mgongo wa jaketi uko kifuani na zipu iko mgongoni, upepo usipate pa kuingilia. Jaketi lenyewe ni la mtumba, zito, limeshonewa majira ya baridi ya Ulaya. Pengine liliwahi kuning'inia nyuma ya mlango fulani huko Uholanzi.

Siitaji Uholanzi kwa bahati tu. Watu wanaouzunguka mlima huu kwa upande wa Meru na Embu wanaijua nchi hiyo kibiashara. Timau kuna mashamba ya waridi, na sehemu ya maua ya Kenya hupitia mnada wa Aalsmeer, karibu na Amsterdam, kabla ya kufika kwenye meza za Wazungu. Huko Igembe, upande wa Meru, wanaikumbuka kwa uchungu. Mabunda ya miraa yaliyofungwa kwa majani ya migomba yalikuwa yakitua Schiphol, hadi Januari 2013 serikali ya Uholanzi ilipoipiga marufuku. Uingereza ikafuata mwezi wa Juni 2014. Kwa hiyo ukilitaja jina la nchi hiyo sokoni katika mji wa Maua, utajibiwa kwa bei na hasara. Mimi nataka kuitaja kwa jambo jingine: Waholanzi walijua kuichora baridi yao, na namna walivyoichora inatusaidia kuelewa kwa nini sisi hatujaichora yetu.

Kwanza baridi yenyewe, maana kuna wasomaji wa Mombasa na Kisumu watakaoguna kusikia habari za baridi chini ya Ikweta. Kiswahili kina neno lake la kale kwa majira haya: kipupwe. Watu wa pwani hulitumia kwa miezi ya Juni hadi Agosti, Kusi inapovuma na jua kupoa. Upepo huohuo, ukitoka upande wa kusini mwa dunia ambako ndiko kuna baridi kali wakati huo, huingia bara ukiwa umebeba unyevu wa bahari. Unapokutana na miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya hauna njia ila kupanda, na kadiri unavyopanda unapoa, na ukipoa unageuka wingu. Juu yake kuna tabaka la hewa kavu na yenye joto zaidi linalolizuia wingu hilo lisipae. Basi linabaki hapo kama kifuniko cha sufuria, siku baada ya siku, likidondosha manyunyu ambayo hayatoshi kuitwa mvua wala hayamwachi mtu akauke. Idara ya Hali ya Hewa huziweka Meru na Embu katika kundi moja na Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu na Nairobi inapotoa utabiri wa msimu huu, na kila mwaka huonya kuhusu siku ambazo joto la mchana halifiki nyuzi 18. Wapandaji mlima wanaopitia njia ya Chogoria husimulia kituko kimoja: hutembea ndani ya ukungu saa nzima nzima, kisha ghafla wanatokea juu yake, jua linawaka, na chini yao mawingu yametandikwa kama pamba iliyochambuliwa. Yaani Julai jua lipo, ila liko juu ya paa letu.

Sasa Waholanzi. Picha ninayotaka tuitazame imo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam. Imechorwa kwa rangi za mafuta juu ya ubao wenye upana wa sentimita 132 na kimo cha 77, karibu mwaka 1608. Mchoraji ni Hendrick Avercamp, aliyezaliwa Amsterdam mwaka 1585, akakulia Kampen ambako baba yake alikuwa muuza dawa, na akafariki mwaka 1634. Alikuwa bubu. Watu walimwita Bubu wa Kampen, na wako waandishi wanaopenda kusema kwamba aliona sana kwa sababu hakusema. Sina hakika na hoja hiyo. Mabubu ni wengi na Avercamp ni mmoja.

Picha inaonyesha mto ulioganda na kijiji kando yake. Ukiitazama kwa mbali unaona weupe uliotapakaa madoa meusi na mekundu, kama chawa kwenye shuka. Ukisogea, kila doa ni mtu. Kuna wanaoteleza juu ya barafu kwa vyuma vilivyofungwa viatuni, wameshikana mikono. Kuna aliyeanguka. Kuna mabwana waliovaa kola za kitani na mabibi waliojifunika uso wasipigwe na upepo, na hatua tatu kutoka kwao kuna mtu amebeba mzigo wa matete. Upande wa kushoto watu wanateka maji kwenye tundu lililokatwa katika barafu. Kuna aliyechutama kujisaidia, wala mchoraji hakumwonea haya. Chini kabisa, pembe ya kushoto, mbwa na kunguru wanakula mzoga. Karibu na mzoga huo kuna kitu ambacho mtoto yeyote aliyekulia Embu angekitambua bila kuelezwa: mtego wa ndege. Mlango mkuukuu umeinamishwa, umeegemezwa kwenye kijiti, na kijiti kimefungwa kamba. Ndege akiingia chini yake kudonoa punje, kamba inavutwa na mlango unaanguka.

Sisi tulitumia karai. Wengine walitumia uteo, lakini uteo ukivunjika utajibu kwa mama, karai halivunjiki. Kijiti ni kilekile na kamba ni ileile. Tulilala kifudifudi nyuma ya ghala la mahindi hadi kifua kikalowa umande, na shomoro wakaja, na mara nyingi tukavuta mapema mno. Mtoto wa Kampen na wa Kianjokoma, miaka karibu mia nne kati yao, wote walijua kwamba baridi humfanya ndege kuwa mjinga kwa ajili ya punje.

Avercamp hakuubuni mtego huo peke yake. Mwaka 1565 Pieter Bruegel, ambaye alikuwa Mflandria na si Mholanzi, alichora kijiji cha theluji chenye mtego kama huo, na mwaka huohuo akachora wawindaji wakirudi nyumbani na mbwa waliochoka, picha ambayo leo iko Vienna. Baridi ya mwaka 1564 kuingia 1565 ilikuwa kali mno Ulaya. Ulaya nzima ilikuwa katika karne za baridi ambazo wataalamu huziita Enzi Ndogo ya Barafu: mito iliganda, mavuno yakapungua. Kwa hiyo wengi huishia hapo: walichora theluji kwa sababu ilikuwepo.

Maelezo hayo hayatoshi. Theluji ilikuwepo pia katika nchi nyingine za Ulaya ambazo hazikuacha picha za namna hii. Na kama kuwepo kwa kitu kungetosha, Meru ingekuwa imejaa picha za ukungu. Swali la kuuliza ni nani alinunua.

Uholanzi ya wakati wa Avercamp ilikuwa jamhuri changa, inayopigana na Uhispania na kutajirika kwa meli. Kanisa lake la Kikalvini halikutaka picha madhabahuni, hivyo mnunuzi mkubwa wa kale alikuwa ameondoka. Wafalme wa kuagiza kuta nzima hawakuwepo. Waliobaki ni watu wa kawaida wenye fedha kidogo: mwoka mikate, mfanyabiashara wa vitambaa, nahodha. Picha ziliuzwa sokoni, zikachezewa bahati nasibu, zikatundikwa jikoni na katika vyumba vya mbele. Mtu wa namna hiyo hakutaka miungu ya Wagiriki. Alitaka kuuona mto wake na barafu yake, na ikiwezekana, jirani yake ameanguka matako juu. Picha ya majira ya baridi ilishamiri kwa sababu anayenunua na anayechorwa walikuwa watu wa mtaa mmoja.

Tukirudi Kenya na swali hilohilo mkononi, jibu linakuja haraka. Uchoraji wa mandhari kwa rangi za mafuta na za maji ulikuja na walowezi na wageni, na soko lake likabaki kwao kwa muda mrefu hata baada ya uhuru. Gallery Watatu ilipofunguliwa Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1960, na majumba mengine yakafuata, wateja wengi walikuwa wageni. Mgeni aliyepanda ndege kutoka Amsterdam mwezi wa Januari, akiikimbia baridi, atanunua nini? Atanunua mgunga uliosimama peke yake, tembo, machweo mekundu, na Mlima Kenya uliotakata mawingu. Hakuvuka bahari ili arudi nyumbani na picha ya manyunyu. Simlaumu. Lakini mnunuzi akiwa ni yeye, Julai haina bei, na kisicho na bei hakimpi mchoraji unga. Matokeo yake ni kwamba mlima huu umechorwa mara nyingi kutoka magharibi, upande mkavu wa Nanyuki ambako kilele huonekana vizuri, na mara chache sana kutoka mashariki ambako watu wengi wanaishi na mawingu hukaa.

Haina maana kwamba hakuna aliyeileta picha nyumbani. Bruegel alichora mwaka 1566 habari ya sensa ya Bethlehemu, akaiweka katika kijiji cha Brabant chenye theluji: Mariamu yuko juu ya punda, amejifunika, na hakuna anayemwangalia kwa sababu watu wana shughuli ya kuchinja nguruwe. Karibu miaka mia nne baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1950, Elimo Njau, kijana wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere, alichora kuta za kanisa huko Murang'a, safari isiyo ndefu kutoka Embu. Yesu wake ni mweusi na Injili yake inatendeka katika nchi ya Wagikuyu. Ni hila ileile, na naiheshimu sana. Hata hivyo Njau alikuwa na ukuta wa kanisa na habari ya Biblia ya kumbeba. Avercamp hakuwa na habari yoyote. Alikuwa na watu na baridi tu.

Aliyefika karibu zaidi na hilo, kwa maoni yangu, alizaliwa hapahapa. Rosemary Karuga alizaliwa Meru mwaka 1928, baba yake Mganda na mama yake Mkenya. Kati ya 1950 na 1952 alisoma sanaa Makerere, mwanamke wa kwanza katika shule hiyo ambayo Margaret Trowell aliianzisha. Kisha akarudi Kenya, akafundisha shule, akalea watoto, na miaka mingi ikapita. Alipoirudia sanaa kwa nguvu katika miaka ya 1980 alikuwa mtu mzima, na rangi zilikuwa ghali. Akachukua karatasi za kufungia sabuni na mifuko ya unga, akazikatakata vipande vidogo, akavibandika. Kutokana na takataka hizo za jikoni wakatoka wanawake waliobeba mizigo, ndege, mifugo, vijiji. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa Studio Museum in Harlem, New York, katika maonyesho ya wasanii wa Afrika ambamo mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alifariki mwaka 2021.

Tazama alichokifanya, maana kina uhusiano zaidi na Julai kuliko kinavyodhaniwa. Picha ya Avercamp inategemea upeo ulioinuliwa juu. Mstari unaotenganisha ardhi na mbingu ameupandisha, kana kwamba amesimama juu ya mnara, ili apate uwanja mpana wa kuwapanga watu wake wote. Hila hiyo inafaa nchi tambarare yenye hewa wazi. Ipeleke Runyenjes mwezi wa Julai haitafanya kazi. Hakuna upeo. Ukipanda mahali pa juu hupati mwono mpana, unapata ukungu mzito zaidi. Kipupwe chetu huichukua mandhari na kukuachia vitu vya karibu: jani la mgomba linalodondosha maji, mbuzi chini ya uvungu wa ghala, mkono unaopapasa kitasa. Anayetaka kuichora itabidi aanze na kilicho umbali wa mita kumi, kama Karuga alivyoanza na kilicho mezani kwake. Vipande vyake havina umbali. Kila kitu kiko usoni pako.

Lakini kuna hila moja ya Avercamp ambayo ni mali yetu kabisa. Tazama rangi zake. Watu walio karibu wana wekundu na weusi uliokolea. Walio nyuma yao wamepauka. Wa mwisho kabisa ni kivuli cha kijivu kinachokaribia kuwa waridi, na nyuma yao mji unayeyuka katika hewa. Unyevu ndio unaofanya hivyo, katika picha na nje ya picha. Sasa nenda katika shamba la chai saa moja asubuhi. Mchumaji wa kwanza, mita tano kutoka kwako, amejifunga kitambaa chekundu kichwani, aproni ya nailoni imefungwa kwa kamba kiunoni, gambuti zimejaa tope, na unaona hata maji yakitiririka kwenye aproni anapochuma majani mawili na chipukizi. Wa pili ana kitambaa cha rangi fulani, huna hakika. Wa tatu ni umbo lenye kikapu mgongoni. Wa nne unamjua kwa kikohozi tu. Hakuna mwalimu wa sanaa anayeweza kulieleza somo hilo la umbali vizuri kuliko mistari minne ya chai ya Kianjokoma.

Na barafu, uwanja ule walipokutana bwana na mbeba matete, kwetu ni nini? Nimelifikiria sana swali hili. Barafu ilikuwa na kazi katika jamii: iliwatoa watu nyumbani ikawamwaga mahali pamoja, bila ua wala cheo. Kipupwe chetu hufanya kinyume, huwaingiza watu ndani, mlango hufungwa na moto huwashwa. Lakini jioni watu hutoka, kwa kuwa majani chai hayalali. Katika kituo cha kununulia majani chai, kibanda cha mabati na mbao kando ya barabara, wanasimama mwalimu mstaafu, kijana wa kibarua, mke wa mchungaji na bibi wa miaka themanini, wote na vikapu, wote wameloa, wakingoja lori la kiwanda. Anayefika kwanza hupimiwa kwanza. Mizani inaning'inia kwenye boriti, karani amevaa boshori iliyoacha macho tu.

"Cucu, leo ni kilo nane."

"Andika tu, kijana wangu. Zingine baridi imekula."

Bibi hatanii. Chai huchipua polepole kukiwa na baridi, hivyo Julai na Agosti ni miezi ya vikapu vyepesi, na bonasi ya mwaka haijafika. Kule Igembe nako miraa huchelewa kuchipua, bei ikapanda, mwenye mti akafurahi na mtafunaji akanung'unika. Huku kwenye kahawa za Embu, ubaridi na unyevu ndio hali inayopendwa na ugonjwa wa kuozesha matunda mabichi. Haya yote yangeingia katika picha bila kulazimishwa: kikapu kilichojaa nusu kinasema bei ya Julai kama vile tundu la maji la Avercamp linavyosema kwamba hata katikati ya mchezo mtu lazima anywe.

Hapa nimkosoe kidogo Avercamp. Baridi za karne ile ziliua watu, kuni na mboji za kuwashia moto zikapanda bei, maskini wakalala na njaa. Katika picha yake karibu kila mtu anacheza. Mwoka mikate aliyenunua ubao kama ule hakutaka kukumbushwa maiti akila chakula cha jioni. Mzoga wa pembeni ndio neno pekee aliloruhusiwa kulisema, akalisema kwa sauti ndogo pale ambapo jicho hufika mwisho. Anayeichora Julai yetu atakutana na mtihani huohuo. Moshi ulionaswa ndani, kifua cha mtoto, jiko la makaa chumbani: vikiachwa nje, picha itakuwa kadi ya salamu.

Barafu yenyewe inaondoka, kwao na kwetu. Mbio za Waholanzi za kuteleza kupitia miji kumi na mmoja ya Friesland, karibu kilomita 200 juu ya mifereji, zilifanyika mara ya mwisho tarehe 4 Januari 1997. Tangu hapo mifereji haijaganda vya kutosha. Na mlima ambao Wameru huuita Kirimara, kwa ajili ya weupe wake, unaupoteza weupe huo: barafu kubwa ya Lewis ilipungua kwa karibu asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Mmisionari Krapf alipouona mlima huo kutoka Ukambani mwaka 1849 na kuandika kwamba una theluji, wasomi wa Ulaya walibisha. Baada ya miaka michache huenda wajukuu wetu nao wakabisha.

Rijksmuseum wameiweka picha ya Avercamp mtandaoni bure, kwa ukubwa ambao simu yako inaweza kuukuza hadi ukahesabu vifungo vya kanzu. Itafute jioni moja ya kipupwe hiki, mvuke wa uji ukipanda. Usianze katikati walipo matajiri. Anza chini, pembe ya kushoto, kwenye mtego wa ndege.